Makubaliano ya mdomo, nota za kichwani: uchambuzi wa kisa cha mpiga tromboni wa kujitegemea Kisumu

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinamhusu mpiga tromboni na mwalimu wa ala za shaba anayejitegemea mjini Kisumu na katika kaunti jirani. Tutamwita Mwalimu T. Majina ya shule, makanisa, bendi na viongozi wake yameondolewa, na malipo yametajwa kwa mafungu badala ya kiasi kamili, ili yeye na waliofanya kazi naye wasitambulike. Ameusoma uchambuzi huu na kuridhia utumiwe na walimu wengine.

Nimekichagua kwa sababu Mwalimu T. hakupungukiwa na kipaji wala bidii. Alikuwa na wanafunzi, alikuwa na kazi karibu kila wikendi, na bado katika muda wa miaka michache alijikuta mara mbili hana kipato. Ukimsikiliza akisimulia, utadhani ni mikosi miwili isiyohusiana: mara ya kwanza deni la shule, mara ya pili jeraha la mdomo. Kwa maoni yangu chanzo kilikuwa kimoja. Jambo ambalo kazi yote ililitegemea lilikuwa limehifadhiwa katika kichwa cha mtu mmoja, na mtu huyo akaondoka mahali pake.

## Usuli

Mwalimu T. alikulia Vihiga, katika familia ya waumini wa Jeshi la Wokovu. Kanisa hilo lilianza kazi nchini Kenya mwaka 1921, na katika kaunti za magharibi limelea vizazi vya wapigaji wa matarumbeta ambao wengi wao hawakuwahi kusoma somo la muziki shuleni. Katika bendi ya watoto mtu hupewa ala iliyopo, si ala anayoitamani. Yeye alianza na honi ya tena (kwa Kiingereza tenor, jina la kimo cha sauti), na mkono wake uliporefuka akahamishiwa tromboni. Mkono husubiriwa kwa sababu ya umbo la ala yenyewe: tromboni ya kawaida haina vali za kubonyeza, bali mpigaji huisukuma na kuivuta slaidi, yaani mrija unaoteleza, katika nafasi saba, kila nafasi ikishusha sauti kwa nusu toni, na nafasi za mwisho ziko mbali kiasi kwamba mtoto mdogo hazifikii.

Malezi hayo yalimpa sikio la kutegemewa, pumzi ndefu na nidhamu ya kukaa ndani ya sauti ya kundi. Yalimpa pia desturi moja ya usomaji iliyokuja kumsumbua. Katika bendi za shaba zenye asili ya Uingereza, mpiga tromboni ya tena huandikiwa nota katika ufunguo wa trebo (ufunguo ni alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha kila nota iko wapi), na nota anayoisoma kuwa C husikika ikiwa B flati ya chini. Katika okestra, katika bendi za jazi na katika vitabu vingi vya mafunzo, mpigaji huyohuyo huandikiwa katika ufunguo wa besi, na kilichoandikwa ndicho kinachosikika. Alipofika Kisumu akiwa kijana na kuitwa kupiga hotelini pamoja na mpiga kinanda, aliwekewa karatasi za ufunguo wa besi asizoweza kuzisoma kwa kasi iliyotakiwa. Alizikunja, akasikiliza wimbo mara moja, akapiga kwa sikio. Wenzake walimsifu, na sifa hizo zilimfundisha kwamba karatasi si lazima. Nadhani tabia ya kuweka kila kitu kichwani ilianzia hapo, na ndiyo maana sikuona vema kuliruka tukio dogo kama hilo.

Ajira zenye mshahara kwa wapigaji wa ala za shaba nchini ziko hasa katika bendi za wanajeshi, polisi, magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa. Alijaribu usajili, hakuchaguliwa, na umri ukampita. Alibaki na njia ya kujitegemea: kupiga wikendi, kufundisha siku za kazi.

## Mtiririko wa matukio

### Kazi za wikendi na msimu wa tamasha

Katika miaka ya mwanzo, riziki yake kubwa ilitoka matangani. Kisumu na Siaya, mwili mara nyingi hutolewa mochari siku moja kabla ya maziko na kulala nyumbani usiku huo, hivyo bendi ya matarumbeta huweza kuhitajika njiani, usiku wa kuamkia maziko, na tena kaburini. Pengine Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na harusi Kakamega, na Jumapili ibada. Kiongozi wa bendi ndiye aliyepokea simu, akapatana bei, akagawa. Wapigaji hawakujua kiasi kilichokubaliwa, wala hawakuuliza, kwa sababu kiongozi huyo huyo ndiye aliyewakumbuka kazi zilipoadimika.

Siku za wiki alifundisha katika shule tatu ndogo na katika nyumba chache za mtaa wa Milimani ambako wazazi walitaka watoto wao wafanye mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza. Kipato cha shuleni kilifuata Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo huanzia ngazi ya kaunti ndogo, likapanda hadi kaunti, eneo, na hatimaye taifa, kwa kawaida mwezi Agosti. Shule iliyosonga mbele ilimhitaji kwa majuma mengi. Iliyotolewa mapema iliacha kumwita siku iliyofuata. Kwa hiyo kodi yake ya nyumba iliamuliwa, kwa kiasi fulani, na majaji wa tamasha.

### Shule kubwa

Mwaka 2018 mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni alimwita. Shule ilikuwa na stoo iliyojaa ala za shaba ambazo hazikuwa zimepulizwa kwa muda mrefu, na mwalimu mkuu huyo alipenda muziki kwa dhati. Walikubaliana ofisini, kwa mazungumzo ya chai: Mwalimu T. angefundisha alasiri tatu kwa wiki, angefufua bendi, na angelipwa kila mwisho wa muhula kutoka fungu la shughuli za nje ya darasa. Hakuna kilichoandikwa. Ili kupata nafasi, aliziacha shule mbili kati ya tatu alizokuwa nazo.

Uamuzi huo ulikuwa na hoja nzuri. Misuli ya midomo hujengwa kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, na mwanafunzi anayepuliza mara moja kwa wiki huanza upya kila wiki. Alasiri tatu katika shule moja zingezaa bendi. Alasiri moja katika shule tatu zilikuwa zikizaa wimbo mmoja wa tamasha. Kama mwalimu wa muziki, alichagua vizuri.

Ala zenyewe zilihitaji matengenezo, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa walimu wengi wa eneo hili hukutana na stoo kama ile. Alizipeleka kwa fundi wa jua kali anayenyoosha bodi za magari. Kwa midomo mipana ya tyuba na honi kazi ilifaa, maana bonyeo kwenye bati pana huweza kusukumwa kutoka ndani kwa chuma chenye kichwa cha mviringo. Kwa slaidi za tromboni haikufaa. Slaidi ina mirija miwili ya ndani iliyonyooka sambamba, na juu yake hupita mirija miwili ya nje, huku nafasi kati yake ikiwa nyembamba mno. Bonyeo ambalo jicho halilioni hutosha kuikwamisha, na nyundo inayolinyoosha upande mmoja hupinda upande mwingine. Tromboni mbili kati ya nne zilirudi ziking'aa na slaidi zake hazitembei. Tangu hapo huilaza mirija ya ndani juu ya kioo bapa kabla ya kuamua lolote, huosha ala kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kupaka mafuta, humkataza mtu yeyote kung'oa kipulizio kilichokwama kwa koleo, na slaidi iliyopinda huihifadhi hadi apate fundi wa ala, hata ikichukua mwaka. Somo hilo liligharimu shule ala mbili ambazo pengine zingeokolewa.

Pamoja na hayo bendi ilisimama. Alifundisha wanafunzi zaidi ya ishirini kwa kuwapigia kila sehemu hadi waishike, mmoja baada ya mwingine, bila karatasi. Njia hiyo ina kasi ya ajabu. Katika mwaka wa pili bendi ilifika ngazi ya eneo, na mwalimu mkuu alimtambulisha kwa wazazi kama mwalimu wa shule.

Malipo ya mihula ya kwanza yalikuja, ingawa kwa kuchelewa. Kisha yakaanza kulimbikizwa. Kila alipouliza, aliambiwa pesa za serikali hazijafika, jambo ambalo lilikuwa kweli mara nyingi, na aliahidiwa kwa maneno mazuri. Machi 2020 ilipofika, shule ilikuwa inadaiwa mihula mitatu, ukihesabu ule uliokuwa ukiendelea.

### Kufungwa kwa shule na deni

Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona, kafyu ikatangazwa, mikutano ya ibada ikasimamishwa, na mazishi yakawekewa idadi ndogo ya waombolezaji. Njia zake zote za kipato zilikatika mwezi mmoja. Aliuza tromboni yake ya besi na kubaki na ya tena, uamuzi ambao naona ulikuwa sahihi, kwa sababu ya tena ndiyo aliyofundishia. Alirudi Vihiga shambani na kuendelea na wanafunzi wachache wa nyumbani kwa njia ya simu. Alijaribu kupiga nao pamoja kwa video akaona haiwezekani, maana sauti huchelewa mtandaoni na wawili hawawezi kukaa katika mapigo mamoja. Akabadili: mwanafunzi alirekodi zoezi, akalituma kwa WhatsApp, naye akajibu kwa sauti na kwa mfano aliopiga mwenyewe. Mmoja wao aliendelea vizuri kuliko alivyokuwa akiendelea ana kwa ana, kwa kuwa kila rekodi ilimlazimisha kujisikiliza.

Wanafunzi wote waliporudi shuleni Januari 2021, kalenda ilikuwa imebanwa na shughuli za nje ya darasa zilipewa nafasi ndogo. Mwalimu mkuu aliyemwita alikuwa amehamishwa. Aliyekuja alimpokea kwa heshima.

"Mwalimu, sikatai kwamba ulifundisha, hata watoto wanakutaja," alimwambia. "Lakini mkaguzi wa hesabu akija hapa, nitamwonyesha nini?"

"Madam, muulize mwenzako aliyetangulia," alijibu.

"Nimemuuliza. Amesema mlikubaliana. Hakusema kiasi."

Kwa ushauri wa jamaa yake aliyekuwa karani wa mahakama, alikusanya ushahidi ambao hakujua kuwa anao. Kitabu cha wageni langoni kilikuwa na sahihi yake, alasiri baada ya alasiri, pamoja na saa ya kuingia na kutoka. Taarifa yake ya benki ilionyesha malipo ya mihula ya kwanza, kwa kiwango kilekile kila muhula. Simu yake ilikuwa na jumbe za mwalimu mkuu wa awali zikimwomba avumilie. Orodha za tamasha zilimtaja kuwa mkufunzi. Alivifunga pamoja na barua ya ukurasa mmoja kwa bodi ya usimamizi. Bodi ilijadili, ikamjibu kwa barua ikikiri kwamba huduma ilitolewa na kwamba malipo hayajakamilika, na ikamlipa takriban nusu kwa awamu mbili. Nusu nyingine ilisemwa itafuata hali ya fedha ikiruhusu. Bendi haikufufuliwa.

### Mdomo

Ili kuziba pengo, alichukua kila kazi ya wikendi iliyojitokeza mwaka 2022, na wakati huohuo akaanza bendi katika shule nyingine. Kupiga matangani ni kupiga nje, kwa nguvu, usiku wa baridi, bila vipindi vya kupumzika, kwa kuwa hakuna anayethubutu kunyamaza wakati jeneza linapita. Dalili zilikuja kwa utaratibu unaojulikana na kila mpigaji. Kwanza nota za juu zilimkimbia. Kisha hewa ikaanza kuvuja upande mmoja wa mdomo. Alijibu kwa kukibana kipulizio zaidi kwenye midomo, jambo analowakataza wanafunzi wake, kwa sababu shinikizo hilo hukata mzunguko wa damu mahali hasa panapohitaji damu. Jumapili moja midomo ilivimba, na hakuweza kutoa hata nota ya kati.

Daktari hakukuta msuli uliochanika. Ilikuwa habari njema, maana msuli unaouzunguka mdomo ukichanika huweza kuhitaji upasuaji. Hali hiyo huitwa kwa Kiingereza kwa lakabu ya mpiga tarumbeta wa jazi Louis Armstrong, Satchmo, ambaye midomo yake iliumizwa na tarumbeta. Mwalimu T. aliambiwa asipulize kwa majuma sita, kisha arudi kwa nota ndefu za chini, dakika chache kila mara, akiacha muda wa kupumzika ulingane na muda wa kupuliza.

Alidhani angeendelea kufundisha bila kupiga. Haikuwezekana. Wanafunzi wake walikuwa wamejifunza kila kitu kutoka kwenye sauti ya tromboni yake, na sasa tromboni ilikuwa kimya. Sehemu ya yufoniamu, ala ya shaba inayofanana na tyuba ndogo, ilikuwa imeshikwa na wasichana wawili wa kidato cha nne waliokuwa wamejiondoa ili wajiandae kwa mtihani, na hapakuwa na karatasi ya kuwapa waliowarithi. Bendi iliondolewa kwenye tamasha, na shule, kwa haki kabisa, ikasitisha malipo.

## Maamuzi ya kujenga upya

Majuma yale ya ukimya ndiyo aliyoyatumia kujifunza ufunguo wa besi. Alipitia njia ambayo wapigaji wengi wa bendi za shaba huitumia. Ufunguo wa tena, unaopatikana mara nyingi katika nota za okestra za tromboni, una sifa moja ya manufaa: nota iliyoandikwa kwenye ufunguo wa trebo wa ala za B flati hukaa kwenye mstari au nafasi ileile ambayo ingekaa katika ufunguo wa tena, ukiongeza flati mbili. Kwa hiyo aliweza kusoma ufunguo wa tena karibu mara moja, kwa nafasi za slaidi alizokwisha kuzizoea, na kutoka hapo akauendea ufunguo wa besi akiwa hana hofu ya mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Kisha akaanza kuandika. Alitumia MuseScore, programu isiyolipiwa, kwenye kompyuta ya kuazima, na akaandika sehemu za nyimbo zote alizokuwa amezifundisha kwa sikio. Chini ya kila mstari wa nota aliweka solfa (do, re, mi), kwa sababu wanafunzi wake wengi wametoka kwaya za kanisani na solfa ndiyo wanayoisoma tayari. Kila wimbo una nakala mbili, moja ya shule na moja yake. Naona huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote aliofanya, ingawa hakuna aliyemlipa hata shilingi kwa ajili yake.

Uamuzi wa pili ulikuwa mkataba wa ukurasa mmoja. Unataja idadi ya vipindi, malipo ya muhula na tarehe yake, nusu ikilipwa kufikia wiki ya tatu. Unaeleza nani anamiliki ala, nani analipia matengenezo, na kwamba hakuna ala itakayopelekwa kwa fundi bila sahihi ya shule. Unasema nini kitatokea shule zikifungwa kwa amri ya serikali. Tena una sentensi aliyoisisitiza mwenyewe: makubaliano ni kati yake na shule kupitia bodi, na yanaendelea hata mwalimu mkuu akibadilishwa. Shule mbili zilikataa kutia sahihi, moja ikiona ni kukosa imani. Aliziacha.

Kwa kiongozi wa bendi ya wikendi alipeleka ombi la namna hiyo: wapigaji waambiwe kiasi kilichopatanwa, na malipo ya awali yapokelewe kabla ya kuondoka. Alikataliwa, akajiunga na kundi lingine dogo lenye daftari la wazi. Suala la malipo ya awali matangani lilihitaji busara, maana si rahisi kumdai mjane. Kundi liliamua kuzungumza na mweka hazina wa kamati ya mazishi peke yake, na kamwe si na wafiwa. Utaratibu huo umekubalika bila manung'uniko, kwa sababu kamati huwa inakusanya michango hata hivyo na hupenda kujua bei mapema.

Mambo ya kodi aliyamaliza kwa haraka kuliko alivyoogopa. Shule na hoteli zinazomlipa shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi hukata asilimia 5 na kumpa cheti, naye hukitumia cheti hicho anapowasilisha ritani yake. Hutoa ankara kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, kwa kuwa tangu 2024 mteja wa kibiashara asiye na ankara hiyo hupata shida kuihesabu gharama. Alijisajili pia kwenye bima ya afya ya jamii, SHA, na jeraha la mdomo ndilo lililomsukuma.

Jambo ambalo hakulitatua ni usajili wa ualimu. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 haimruhusu mtu asiyesajiliwa na tume hiyo (TSC) kuwa mwalimu wa shule, na yeye hana shahada wala diploma ya ualimu. Wanafunzi wa Gredi ya 10 walioanza sekondari ya juu Januari 2026 wanaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo, na shule zinatafuta walimu wa muziki. Kwa sasa mkataba wake humtaja kuwa mkufunzi wa bendi anayefanya kazi chini ya mwalimu wa muziki aliyesajiliwa, na somo la darasani hafundishi. Amefikiria kusoma Chuo Kikuu cha Maseno, ambako kuna idara ya muziki na si mbali na Kisumu, lakini ada na muda vimemzuia.

## Matokeo

Mwaka wa kwanza wa utaratibu mpya ulimletea kipato kidogo kuliko 2019. Mwaka uliofuata kilikaribia kiwango hicho, na tofauti aliyoihisi zaidi ni kwamba kilifika kwa tarehe zinazojulikana. Leo ana shule mbili zenye mkataba, wanafunzi wa nyumbani, na darasa la watoto la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, ambako wadogo huanza na tromboni za plastiki aina ya pBone. Ni nyepesi, na zikianguka sakafuni hazibonyei kama shaba.

Mwalimu mkuu wa mojawapo ya shule hizo mbili amekwishahamishwa. Aliyemrithi alipokea faili lenye mkataba na nota, akalipa nusu ya muhula wiki ya tatu, na mazoezi hayakukatika hata alasiri moja. Wanafunzi wawili wa zamani humshikia nafasi anapougua au anapopumzisha midomo, na hugawana nao malipo ya siku hiyo. Mwanafunzi mmoja wa nyumbani amefaulu nadharia ya muziki Gredi ya 5 ya ABRSM, na hivyo amefungua njia ya kufanya mitihani ya kupiga ya Gredi ya 6 na kuendelea.

## Uchambuzi

Mwalimu T. husema kwamba kuhamishwa kwa mwalimu mkuu kulikuwa bahati mbaya. Sikubaliani naye. TSC huhamisha walimu wakuu kama sehemu ya kazi yake ya kawaida, na tangu 2018 ilipoanza kuwapeleka nje ya kaunti zao za nyumbani, mwalimu yeyote wa nje aliyetegemea ahadi ya mwalimu mkuu alipaswa kuuona uhamisho huo kuwa suala la lini tu. Mapenzi ya mwalimu mkuu kwa muziki yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyoficha hatari: mahali ambapo mtu ni mwema, hatumwombi karatasi.

Uamuzi wa kutokwenda mahakamani unahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Alinieleza kwamba aliogopa jina baya, kwani walimu wakuu wa kaunti moja hufahamiana. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, humruhusu mdai kujiwakilisha, na hutakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano halali. Kinachotakiwa ni kuyathibitisha. Kwa kile kitabu cha wageni, taarifa ya benki na jumbe, angekuwa na kesi ya kueleweka. Nadhani alichokosa wakati ule ni ujuzi wa kwamba ushahidi wake ulikuwa na thamani, na si ujasiri. Barua kwa bodi ilimpatia nusu bila ugomvi, na kwa mtu aliyehitaji kula mwezi huo, nusu ya haraka ilikuwa chaguo la busara.

Penye uzito mkubwa zaidi ni ulinganifu wa mambo mawili ambayo yeye huyatenganisha. Shule ilimwacha bila malipo kwa sababu makubaliano yalikaa kichwani mwa mwalimu mkuu. Bendi ya shule ya pili ilikufa kwa sababu nota zilikaa kichwani mwake yeye. Wanafunzi wale walipoteza tamasha lao kwa namna ileile aliyopoteza mihula yake mitatu, na hawakuwa na bodi ya kuiandikia barua. Kufundisha kwa sikio si kosa. Ni njia bora ya kuanza, na bendi nyingi nzuri za magharibi zimelelewa hivyo. Kosa ni kuishia hapo katika taasisi ambayo kila mwaka hupoteza kidato kizima cha wapigaji wake. Bendi ya kanisa hustahimili kwa sababu wazee hubaki na kuwafundisha wadogo kwa miaka. Shule haina wazee wa namna hiyo, na karatasi ndiyo inayoshika nafasi yao.

Kuhusu mdomo, utaratibu alionao bado una upungufu. Amejiwekea mpaka wa shughuli mbili nzito kwa wikendi, lakini mpaka huo haumo katika makubaliano yoyote na kundi lake, na kila Desemba, harusi na maziko yanapofuatana, huuvuka. Nimempendekezea uandikwe kwenye daftari la kundi pamoja na jina la atakayemshikia nafasi. Hajaamua.

Nusu ya deni la shule ya kwanza bado haijalipwa. Dai la mkataba nchini Kenya hufunguliwa ndani ya miaka sita, na kwa hesabu ya haraka mtu angedhani muda wa mihula ile umekwisha. Lakini bodi ilikiri deni kwa maandishi na kulipa sehemu yake mwaka 2021, na sheria huanza kuhesabu upya kutoka kwenye ukiri au malipo ya namna hiyo, kwa hiyo nafasi yake haifungiki kabla ya 2027. Ameomba kikao na bodi muhula huu, na mara hii barua ile ya bodi ndiyo karatasi ya kwanza katika faili lake.